Gari la mbio pasipo uwanja wa mbio: Nani atalipa gharama Pwani Kusini?

KATIKA vibaraza vya kahawa mjini Ukunda na kwenye vituo vya bodaboda kandokando ya barabara ya ufuo wa Diani, mazungumzo ya vijana hayaishii kwenye kandanda ya Uingereza. Hupitishwa pia, simu hadi simu, picha za gari jeusi lenye pua ndefu na mngurumo unaomfanya mtazamaji acheke peke yake. Gari hilo ni Ford Mustang, toleo liitwalo Dark Horse, lililoundwa kwa mtu anayetaka kwenda nalo kazini Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumamosi alipeleke kwenye uwanja wa mbio.

Maswali yanayoulizwa ni matatu. Je, litafika kwetu? Litagharimu pesa ngapi? Na likifika, litamudu safari ya kutoka Likoni hadi Lunga Lunga bila kuvunjika? Ni maswali ya haki, na yanastahili majibu. Hata hivyo, lipo swali la nne ambalo mwandishi huyu hajalisikia likiulizwa kibarazani, ilhali ndilo linalowahusu hata wale wasio na ndoto ya kumiliki gari lolote. Jumamosi ikifika, gari hilo litakimbilia wapi?

Mgeni mwenyewe ni nani?

Mustang ilizinduliwa jijini New York mnamo Aprili 17, 1964. Ni mojawapo ya yale ambayo Wamarekani huyaita magari ya misuli, yaani gari la milango miwili lenye injini kubwa mno kuliko mwili wake, linalouzwa kwa bei nafuu kuliko magari ya kifahari ya Ulaya. Kwa Mkenya, lakini, mwaka wenye uzito si 1964 bali 2015. Huo ndio mwaka ambapo Mustang zenye usukani wa kulia zilianza kutoka kiwandani kwa wingi, zikauzwa Uingereza, Australia na Afrika Kusini. Kabla ya hapo, mwenye kuitaka upande huu wa dunia alilazimika kununua ya usukani wa kushoto na kumlipa fundi aigeuze.

Washindani wake wa jadi wameondoka uwanjani. Dodge Challenger na Chevrolet Camaro ziliacha kuundwa mwishoni mwa 2023, na Dodge ikaanza kuuza gari la aina hiyo linalotumia umeme. Mustang imebaki karibu peke yake ikiwa na injini ya V8 ya petroli, na jambo hilo limeongeza hamu ya wapenzi wake.

Kizazi cha saba cha Mustang kilionyeshwa Septemba 2022, na Dark Horse ikaja pamoja nacho. Injini yake ni ya lita 5. Nchini Marekani hutoa nguvu za farasi 500, lakini ile inayouzwa Ulaya imepunguzwa hadi takriban 450 kutokana na sheria za huko za moshi na kelele. Mnunuzi huchagua gia sita za mkono au gia 10 za otomatiki. Breki zake ni za Brembo, kubwa kuliko za Mustang ya kawaida, na ina vipozaji vya ziada vya mafuta ili injini isichemke inapokimbizwa mzunguko baada ya mzunguko. Viti vya nyuma vipo, ila ni vya watoto au vya mtu mzima mwenye subira. Buti yake yatosha mikoba ya safari ya watu wawili.

Yupo pia kaka mkubwa, Mustang GTD, aliyetangazwa Agosti 2023 kwa bei ya takriban dola 300,000. Huyo hana viti vya nyuma kabisa, na mahali pa buti pamejaa mitambo ya springi. Katika mzunguko wa Nürburgring nchini Ujerumani, wenye urefu wa kilomita 20.8, GTD ilimaliza chini ya dakika saba. Ili msomaji apate picha, umbali huo haupungui sana ule wa kutoka kivuko cha Likoni hadi Ukunda, ambao matatu huukata kwa muda usiopungua nusu saa, na msongamano ukiwapo Likoni, zaidi ya saa nzima. Lakini GTD huundwa kwa usukani wa kushoto pekee, na hivyo mlango wa Kenya umefungwa kwake. Tuzungumzie basi Dark Horse, ambayo yaweza kuingia.

Mlango wa Kilindini

Sheria mbili ndizo zinazoamua gari lipi lishuke bandarini Mombasa. Ya kwanza yahusu usukani, ambao lazima uwe wa kulia, isipokuwa kwa magari machache ya kazi maalumu. Ya pili yahusu umri. Gari lililotumika halikubaliwi likiwa limepita miaka minane tangu lisajiliwe kwa mara ya kwanza. Kwa mujibu wa Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS), kuanzia Januari 1, 2026 ni magari yaliyosajiliwa kuanzia Januari 2019 pekee yanayoruhusiwa.

Maana ya hesabu hiyo ni kwamba Mustang za kwanza za usukani wa kulia, zile za 2015 hadi 2018, ambazo sasa ndizo za bei nafuu nchini Uingereza, tayari zimefungiwa nje. Aliyekuwa akingoja bei ishuke zaidi ndipo anunue amegundua kwamba mlango ulifungwa huku bei ikiendelea kushuka. Kwa upande mwingine, Dark Horse za kwanza zilizouzwa Uingereza ni za 2024. Zitaruhusiwa kuingia hadi mwishoni mwa 2031. Kwa hivyo yeyote anayesema hazitafika Diani hajui hesabu. Zitafika, chache, kupitia kwa wafanyabiashara wa magari, wawekezaji wa hoteli na Wakenya wanaorejea kutoka ng'ambo.

Bei na ushuru

Nchini Marekani, Dark Horse mpya ilianza kuuzwa kwa takriban dola 60,000. Wengi huchukua kiasi hicho, wakakibadilisha kwa shilingi, wakapata karibu Sh7.7 milioni, kisha wakaanza kuota. Wasichojua ni kwamba safari ya pesa huanzia hapo.

Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) haitazami risiti ya mnunuzi. Ina orodha yake ya bei za magari mapya, ambayo hupunguzwa kulingana na umri wa gari ili kupata thamani ya forodha. Tuseme, kwa mfano tu, thamani hiyo imekuwa Sh6 milioni kwa gari lililotumika miaka michache. Ushuru wa forodha ni asilimia 35, yaani Sh2.1 milioni. Jumla inakuwa Sh8.1 milioni, na juu yake huwekwa ushuru wa bidhaa. Kwa gari la petroli lenye injini inayozidi lita 3, ushuru huo nao ni asilimia 35, yaani Sh2.835 milioni. Sasa tumefika Sh10.935 milioni, ambapo ushuru wa thamani ya ziada, VAT, wa asilimia 16 unaongeza karibu Sh1.75 milioni. Mwishowe kuna ada ya kutangaza bidhaa zinazoingizwa nchini, asilimia 2.5 ya ile thamani ya kwanza, na ada ya ujenzi wa reli, asilimia 2, ambazo kwa pamoja ni Sh270,000.

Ukijumlisha, ushuru wote unakaribia Sh7 milioni. Serikali inapata zaidi ya alichopata muuzaji. Gari la Sh6 milioni linatoka lango la bandari likiwa limegharimu takriban Sh13 milioni, kabla ya kulipia wakala, usajili na bima. Tukirejelea bima, ile kamili hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Hata ikiwa asilimia 4 tu, hiyo ni Sh520,000 kila mwaka. Mmiliki wake angeongezewa mzigo mwingine lau Mswada wa Fedha wa 2024 ungepita jinsi ulivyowasilishwa, kwani ulipendekeza kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isiyozidi Sh100,000. Mswada huo ulitupiliwa mbali Juni 2024 baada ya maandamano ya vijana, wengi wao wakiwa hawamiliki hata baiskeli.

Mafuta, kwa kweli, ndiyo gharama ndogo kuliko zote. Injini hiyo hunywa takriban lita 13 kwa kilomita 100, na zaidi sana ikikanyagwa. Kwa bei ya takriban Sh180 kwa lita iliyokuwapo Mombasa katika sehemu kubwa ya 2025, kujaza tangi lake la lita 60 kungegharimu karibu Sh11,000. Tusisahau, hata hivyo, kwamba Septemba 2023 bei ya petroli ilipita Sh200.

Jambo zito zaidi ni vipuri. CMC, kampuni ambayo kwa miaka mingi Wakenya waliihusisha na jina la Ford, ilitangaza Januari 2025 kwamba inafunga shughuli zake Afrika Mashariki. Makanika wetu wa Ukunda ni hodari. Humfufua Probox aliyekwisha kuandikiwa wosia. Lakini breki na springi zinazoongozwa kwa kompyuta hazitengenezwi kwa nyundo. Kipuri kitaagizwa ng'ambo, nacho kitalipiwa ushuru kama gari lenyewe lilivyolipiwa.

Kutoka Likoni hadi Lunga Lunga

Tuchukulie kwamba pesa zipo. Je, gari litapita?

Tumbo la Mustang liko takriban sentimita 14 kutoka ardhini. Mwandishi huyu aliwahi kusimama Likoni maji yakiwa yamekupwa, akatazama gari moja la chini, ambalo halikuwa hata la mbio, likijaribu kupanda feri. Ngazi ya feri ilikuwa imeinama, pua ya gari ikagusa chuma, na sauti yake ikawafanya abiria wote wageuke. Dereva alirudi nyuma akangojea maji yajae. Wenye magari hayo watafurahia barabara ya Dongo Kundu, ambayo tangu 2024 imewawezesha madereva kutoka Miritini hadi Kibundani kupitia daraja refu la Mteza bila kuvuka kwa feri.

Barabara kuu yenyewe, kutoka Likoni kupitia Ng'ombeni, Waa, Tiwi, Ukunda, Gazi na Msambweni hadi mpakani, ni ya lami na inapitika vyema. Ila kila kijiji kina matuta yake, na matuta ya kwetu hayana kipimo kimoja: mengine ni ya adabu, mengine ni kuta. Ukiiacha lami na kuingia vichochoro vya Diani vinavyoelekea nyumba za ufuoni, utakutana na mawe ya matumbawe yenye makali ya shoka. Matairi mapana ya gari hili, yaliyoundwa kwa lami laini, hayakutengenezewa mawe hayo. Masika yakija, mashimo hujaa maji na dereva hajui kina chake. Hewa ya chumvi nayo haichagui: hula chuma cha ngalawa, hula mabati, na italila gari la Sh13 milioni likilala nje.

Kwa hiyo jibu la swali la tatu ni ndiyo, litapita, kwa mwendo wa mkokoteni. Na hapo ndipo tatizo linapoanza. Hakuna mtu anayelipa Sh13 milioni ili aende mwendo wa mkokoteni.

Barabara inapogeuzwa uwanja

Gari lililoundwa kwa uwanja wa mbio huhitaji uwanja wa mbio. Kenya haina hata mmoja wa magari wenye kiwango cha kimataifa. Mbio za Formula One zilifanyika barani Afrika kwa mara ya mwisho mnamo 1993, katika uwanja wa Kyalami, Afrika Kusini. Mwenye Mustang mjini London anaweza kulipia nusu siku uwanjani, akakimbia hadi moyo utulie, akarejea nyumbani polepole. Mwenziwe wa Diani ana barabara ya Likoni-Lunga Lunga tu, usiku, wakati polisi wamepungua.

Ni nani wengine wanaoitumia barabara hiyo usiku? Ni bodaboda aliyebeba mama na mtoto akitoka hospitali ya Msambweni. Ni trekta la miwa upande wa Ramisi lisilo na taa za nyuma. Ni mfanyakazi wa hoteli anayetembea kando ya lami baada ya zamu ya jioni, kwani sehemu nyingi hazina njia ya waendao kwa miguu. Ni mvuvi na baiskeli yake. Ni ng'ombe asiye na mchungaji.

Sheria yetu yaruhusu kilomita 50 kwa saa mjini na kwenye vituo vya biashara, na kilomita 100 kwa magari madogo katika barabara kuu ya njia moja. Gari la nguvu za farasi 450 hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde zisizofika sita. Muda huo ni mfupi kuliko anaohitaji mtoto kuvuka barabara pale Waa. Takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) zinaonyesha kwamba tangu 2021 zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa kila mwaka katika barabara za Kenya, na waendao kwa miguu pamoja na waendeshaji pikipiki ndio walio wengi miongoni mwao. Waliokufa wengi hawakuwa ndani ya gari lolote.

Hata wanyama wametoa ushahidi. Yeyote aliyepita barabara ya ufuo wa Diani ameona ngazi za kamba zilizotandazwa juu, kutoka mti hadi mti. Ziliwekwa na shirika la kuhifadhi mbega, lililoanzishwa 1997, baada ya mbega wengi kugongwa wakivuka. Ni jambo la kupongezwa. Lakini linamfanya mtu atafakari: katika barabara ile, mbega amejengewa daraja, ilhali mpishi wa hotelini angali anavuka kwa dua.

Lipo funzo katika historia yetu wenyewe. Mashindano ya Safari Rally yalianza 1953, na kwa miongo mingi yalikimbizwa kwenye barabara za umma zilizokuwa wazi kwa magari mengine, huku helikopta zikitangulia kuwaonya madereva kuhusu malori na mifugo. Mashindano hayo yaliondolewa kwenye orodha ya dunia baada ya 2002. Yaliporejea 2021 kule Naivasha, yalirejea kwa sura nyingine, yakiwa katika njia zilizofungwa, zenye walinzi na muda maalumu. Wale mabingwa, waliojifunza kazi hiyo tangu utotoni, wameambiwa kwamba kasi yao haiwezi kuchanganywa na maisha ya watu wengine. Itakuwaje basi tajiri aliyejifunza kwa kutazama video aruhusiwe kufanya hivyo pale Tiwi?

La kufanya

Wapo watakaosema kwamba gari ni la mtu, pesa ni zake, na ushuru ameulipa. Hoja hiyo ina uzito. Mwandishi huyu hapendekezi magari haya yapigwe marufuku. Marufuku haitafanikiwa, na anayelipa Sh7 milioni kwa hazina ya taifa amefanya zaidi ya wengi wetu. Lakini ushuru wa forodha haumnunulii mtu ruhusa ya kuifanya barabara ya umma kuwa yake.

Mambo matatu yawezekana. Kwanza, serikali ya kitaifa na ile ya Kaunti ya Kwale zijenge njia za miguu na vivuko vyenye taa Ng'ombeni, Waa, Ukunda na Msambweni kabla ya kuongeza matuta. Tuta humkasirisha mwenye gari la chini na halimsaidii anayetembea mita 100 mbele yake.

Pili, vilabu vya wapenzi wa magari viruhusiwe kuomba barabara ifungwe kwa saa chache, mara moja au mbili kwa mwaka, chini ya polisi, ambulensi na bima. Kasi ikipewa mahali na wakati wake, polisi watakuwa na haki zaidi ya kuikomesha kwingineko.

Tatu, pana suala la ardhi. Kampuni ya Base Titanium ilimaliza kuchimba madini Kwale Desemba 2024, na mjadala kuhusu matumizi ya ardhi iliyobaki haujakwisha. Uwanja wa mbio ungeweza kuwa miongoni mwa mapendekezo, kwani ungewapa wageni wa Diani sababu nyingine ya kuja na kuwapa mafundi wetu kazi. Ila liwe pendekezo la mwisho mezani, si la kwanza. Familia zilizohamishwa ili mgodi uchimbwe zina haki ya kusikizwa kabla ya wenye Mustang.

Hadi hapo, kwa kijana wa Ukunda anayeitazama picha ile kwenye simu yake, jibu la mwandishi huyu ni hili. Gari litakuja, na siku moja utaliona limeegeshwa Diani. Litazame, lipige picha, uliza lina farasi wangapi. Kisha utakapopanda bodaboda yako usiku kurudi nyumbani kwa njia ya Tiwi, washa taa zote mbili, vaa helmeti, na ukisikia mngurumo ule ukija nyuma yako, kaa kando upesi. Hadi leo, hiyo ndiyo kinga pekee ambayo serikali imekupa.